Maswali ya Wasomaji: Apu Moja ya Habari, Bando Lile Lile

Habari zenu wasomaji. Toleo lililopita niligusia kidogo tu, kama mistari mitatu hivi, apu za kusomea fidi za habari kwenye simu, na maswali yaliyokuja ni mengi mno, kwa hiyo mwezi huu nimeweka mengine yote pembeni (wale wa skrini zilizopasuka mnisamehe, zamu yenu inakuja) tuliongelee hili moja mpaka lieleweke, maana naamini kabisa linaweza kubadilisha namna unavyosoma habari kila siku.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Sumbawanga, kijijini kabisa. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza napenda kupitia habari, nafungua BBC Swahili, nafungua DW, afu magazeti mawili, afu blogu ya kilimo, afu narudi tena BBC kuona kama kuna jipya. Bando la wiki linakata Jumatano. Uliposema kuna apu inazileta zote pamoja sikuelewa, inazitoa wapi? Na si ndo itakula bando zaidi, maana ni tovuti tano kwa mpigo?

JIBU: Marahaba mwalimu. Unaijua ile meza ya magazeti pale stendi, watu wamejazana asubuhi wanasoma vichwa vya kurasa za mbele, kila mtu shingo ndefu, afu mwenye hela ananunua moja anaondoka nalo? Fidi ndo ile meza. Tovuti nyingi za habari na blogu, kila zinapoweka habari mpya, zinaandika pia kafaili kadogo pembeni ambako sisi kwa kawaida hatukaoni, ndani kuna kichwa cha habari, saa iliyotoka, mistari miwili mitatu ya muhtasari na linki ya habari yenyewe. Basi. Hamna matangazo, hamna video zinazojichezesha zenyewe, hamna picha kumi za pembeni. Apu yako kazi yake ni kuzunguka kwenye hivyo vifaili vya tovuti ulizochagua WEWE na kukupangia vichwa kwa saa, kipya juu cha zamani chini. Ukikipenda kichwa unakigusa, hapo ndo unafungua habari nzima. Usipokipenda unapita na hujalipia kitu.

Sasa hesabu ya bando. Ukurasa wa mbele wa tovuti ya habari siku hizi kula MB 2 au 3 ni kawaida, na wewe unafungua tano, mmoja mara mbili. Kafaili ka fidi mara nyingi hakafiki hata KB 100. Na kuna kitu kingine kizuri ambacho wengi hawakijui, apu iliyotengenezwa vizuri ikirudi mara ya pili haichukui faili lote upya, inauliza kwanza "kuna kipya tangu nilipopita?" na kama hakuna, seva inajibu namba tu, 304, maana yake hakuna kilichobadilika, na apu inaondoka mikono mitupu. Yaani ile safari yako ya kurudi BBC kuangalia kama kuna jipya, ambayo ndo inakumaliza, inakuwa karibu bure.

Teknolojia yenyewe inaitwa RSS na si ngeni, ilianza 1999 kwenye kampuni ya Netscape huko Marekani, na toleo linalotumika sana mpaka leo, la 2.0, ni la 2002. Na hili nakuandikia wewe hasa kwa kuwa ni mwalimu: miongoni mwa waliokaa kuandika toleo la 1.0 lililotoka Desemba 2000 alikuwemo kijana Mmarekani, Aaron Swartz, na alikuwa na miaka 14. Kumi na nne! Hao watoto wako wa darasa la saba waambie hilo.

Kwa kuanza, kama simu yako ni Android ingia Play Store utafute Feeder, ni ya bure na haikuombi kufungua akaunti. Ukishaiweka gusa sehemu ya kuongeza fidi, andika feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml hiyo ni ya BBC Swahili, utaona vichwa vinashuka. Afu nenda kwenye setingi ufanye mambo mawili kabla hujaendelea: zima picha, au ruhusu picha zije pale tu unapokuwa kwenye wifi, na ule muda wa kujisasisha weka kila baada ya saa 12 badala ya kila saa. Wewe unasoma asubuhi, haina haja izunguke mchana kutwa.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa Mombasa, nauza mahamri na viazi karai, na napenda sana kufuata blogu za mapishi. Nimeitia hiyo apu lakini nikiandika anwani ya blogu yaniambia haikuona fidi. Kijana wangu asema labda hiyo blogu ishakufa na mimi kila wiki naona mapishi mapya pale! Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam mama, na pole kwa usumbufu. Kijana hajakosea sana ila blogu haijafa, ni apu tu imebisha hodi mlango wa mbele wakati fidi inakaa mlango wa uani. Kwa hiyo mwonyeshe huo mlango. Kama anwani ya blogu inaishia na blogspot.com, ongeza mwishoni mwake /feeds/posts/default halafu ujaribu tena. Kama ni ya WordPress, yaani ile programu ya kuendeshea blogu na tovuti, na blogu nyingi za mapishi ni za WordPress hata kama jina hilo hulioni popote, ongeza mwishoni /feed tu. Hizo mbili zitakutoa kwenye blogu nyingi sana. Zikigoma zote, fungua blogu kwenye brauza, gusa alama ya kushea, na kama hiyo apu yako inatokea kwenye orodha ichague, apu nyingi zikipewa ukurasa mzima zinajitafutia fidi zenyewe humo ndani.

Chaneli za YouTube pia zina fidi mama, chukua linki ya chaneli uibandike kwenye apu, nyingi zinaikubali, na hapo utapata kila video mpya ya yule mpishi wako bila kupitia yale mapendekezo yanayokutoa kwenye pilau yakakupeleka kwenye ugomvi wa watu usiowajua. Podikasti hivyo hivyo, podikasti yenyewe ni RSS iliyobeba faili la sauti.

Ila kuna mlango umefungwa na sitaki uhangaike nao: Instagram na TikTok hazitoi fidi. Mpishi aliyehamia huko akaacha blogu yake, apu haitamfikia. Mi linaniuma hili kwa kweli, kuna watu walikuwa wanaandika mapishi marefu mazuri, vipimo vyote, leo wameyaacha wanaweka video za sekunde 30. Ukimpata anayeandika bado, mwachie ujumbe umwambie unamsoma.

SWALI: Kaka, nipo Muscat huu mwaka wa sita, nilizipenda hizi apu nikaweka fidi kama 60, habari za Zanzibar, mpira, dini, biashara, kila kitu. Nikaenda likizo Pemba wiki tatu, nimerudi nafungua apu nakuta namba 3,200 hazijasomwa. Nikaifunga. Kila nikiiona ile namba moyo unakuwa mzito naona kama kazi. Nifute tu?

JIBU: Usifute ndugu yangu, na hujawahi kuwa na deni. Hilo la deni nataka nilikazie maana nimelisikia kwa watu wengi na limewafanya waache kitu kizuri. Hizo 3,200 hakuna aliyekuagiza uzisome. Ukipita stendi Chake Chake siku ulipoondoka na ukapita tena siku uliporudi, je, ulirudi kudai magazeti yote ya wiki tatu uliyoyakosa? Gusa menyu, tafuta "weka zote kama zimesomwa", bonyeza, namba inarudi sifuri na dunia inaendelea. Mtu aliyekuwa na jambo kubwa la kukuambia atalirudia. Zamani kulikuwa na apu maarufu ya Google Reader, yenyewe ikifika elfu moja iliacha kuhesabu, ilikuandikia 1000+ tu ikanyamaza, na mi naona ule ulikuwa uungwana, maana baada ya elfu namba haikuambii kitu tena.

Halafu baada ya kusafisha, kaa nayo wiki moja ukiangalia nani anakujazia. Nina hakika utakuta ni fidi tatu au nne, za vyombo vikubwa, vinavyotoa habari 80 au 100 kwa siku, na zile 56 zilizobaki zinatoa moja kwa wiki au moja kwa mwezi. Na hapa watu wengi wanakosea wakianza, wanaweka vyombo vikubwa ambavyo habari zake zitakufikia tu hata ukiwa umelala, ukitaka usitake, afu wale wanaoandika mara chache wanazama chini kabisa hawaonekani. Fidi inamfaa zaidi yule anayeandika mara chache! Yule mtu wa Wete anayeandika historia ya mji wake mara moja kila miezi miwili, huwezi kukumbuka kumtembelea kila siku kuangalia, ila apu haichoki kumwangalia, na siku akiandika unamkuta pale juu anakusubiri.

Kwa hiyo fanya hivi, vikubwa viweke kwenye folda yake peke yake, uipe jina lolote, uifungue ukiwa na nafasi na uisafishe kila usiku bila huruma. Wale wachache wa moyoni wape folda nyingine uanze nayo hiyo kila siku. Na kwenye mpira, apu kadhaa zina sehemu ya kuzuia maneno, ukiandika neno fulani habari zenye hilo neno kwenye kichwa hazikutokei, kwa hiyo tetesi za usajili unaweza kuzizima zote kwa neno moja au mawili. Msimu wa usajili utanishukuru.

SWALI: Niaje. Niko Nairobi, simu yangu ya Android ina shida mbili, apu haileti habari mpaka niifungue mwenyewe, na tena ikileta naona mistari miwili tu halafu inanipeleka kwenye website. Nataka kusoma nikiwa kwa matatu na mtandao huwa unapotea njiani.

JIBU: Poa. La kwanza ni simu yenyewe, simu nyingi zinaua apu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kutunza chaji. Ingia setingi za simu, upande wa betri, tafuta jina la hiyo apu uiondolee vizuizi. Usiogope chaji, Android yenyewe hairuhusu kazi ya kujirudia kama hiyo ifanyike mara nyingi kuliko kila dakika 15, na wewe hata ukiweka kila saa 6 inakutosha.

La pili, wenye tovuti wengine wanaweka muhtasari tu kwenye fidi kwa makusudi, kwa sababu matangazo yanayowalipa yako kwenye tovuti, na siwalaumu, mwandishi naye ana kodi ya nyumba. Lakini ndani ya apu, kwa kila fidi, angalia kama kuna setingi ya kuchukua habari nzima. Ukiiwasha, apu inaenda kuleta maandishi yote mapema inayahifadhi kwenye simu. Sasisha nyumbani asubuhi ukiwa kwa wifi kabla hujatoka, ukipanda matatu mtandao upotee usipotee unasoma. Ukiona kuna habari imekufaa ifungue baadaye kwenye tovuti yenyewe, mwenyewe apate haki yake.

SWALI: Kaka habari. Mimi ni muuguzi Mbeya, na pia ni admini wa grupu la WhatsApp la ukoo, tuko watu 140. Kila siku inaingia picha ina nembo ya chombo cha habari kikubwa, rangi zile zile, maandishi yale yale, habari ya kutisha, na watu wanaamini. Juzi ilikuwa ya dawa fulani eti imepigwa marufuku, mama mmoja wa ukoo akaacha kumpa mtoto dawa siku mbili. Hiyo apu inaweza kunisaidia chochote?

JIBU: Dada yangu, swali lako ndo limenifanya nitumie safu nzima kwa jambo hili, na namshukuru Mungu mtoto hakupata shida kubwa zaidi.

Inasaidia, na nitakwambia inasaidia vipi na inaishia wapi. Kutengeneza picha yenye nembo ya gazeti ni kazi ya dakika tano kwa mtu yeyote mwenye simu. Lakini fidi ya chombo cha habari inatoka kwenye seva ya chombo chenyewe, haipiti kwa mtu katikati, hakuna "imetumwa mara nyingi", hakuna binamu aliyeipata kwa rafiki yake. Kwa hiyo weka kwenye apu yako fidi za vile vyombo ambavyo nembo zao zinaigwa sana, vitano au sita, folda moja. Picha ikiingia kwenye grupu fungua folda, tafuta neno moja la kwenye picha, jina la hiyo dawa kwa mfano. Kama ipo, utaona na saa iliyotoka na linki, unaituma linki kwenye grupu badala ya picha. Kama haipo, una sababu ya kusema ngoja kwanza.

Nasema "ngoja kwanza", sisemi "ni uongo", maana fidi nyingi zinabeba habari 20 au 30 za mwisho tu, na habari ya juzi inaweza kuwa imeshashuka kwenye faili kabla apu yako haijapita. Ndo maana hii folda, tofauti na ushauri niliompa mwalimu wa Sumbawanga, wewe iache ijisasishe mara nyingi zaidi, kila saa moja au mbili, na kwenye setingi iongezee idadi ya habari inazotunza, ziwe mia kadhaa kwa kila fidi. Hapo unajijengea kumbukumbu yako mwenyewe, na hata chombo kikiweka habari afu kikaifuta, kichwa chake mara nyingi kinabaki kwenye simu yako.

Na la mwisho kwako, apu haijui ukweli. Inakuhakikishia nani kasema, haikuhakikishii kwamba alichosema ni sahihi. Kwa mambo ya dawa wewe ni muuguzi, unajua pa kuuliza kuliko mimi. Ila ile hatua ya kwanza, ya kujua kama gazeti limeandika kweli au limesingiziwa, sasa unaimaliza kwa nusu dakika, na kwenye grupu la watu 140 ile nusu dakika inaweza kumfanya mama asimame asikimbilie kuficha chupa ya dawa.

SWALI: Naandika kutoka London. Baba yangu yupo Unguja, ana miaka 78, amezoea redio na gazeti, macho yamepungua. Nimemnunulia tableti. Ataiweza?

JIBU: Ataiweza tena vizuri kuliko tovuti, kwa sababu ndani ya apu hakuna vitu vinavyochomoza na kumfunika habari kidole kikiwa njiani. Mwekee wewe mwenyewe kabla hujaituma au siku ukienda, fidi nne tu zisizidi, maandishi yakuze mpaka kichwa kimoja kichukue mistari mitatu, notifikesheni zima zote. Tableti za Android zina sauti ya kusoma maandishi na Kiswahili kimo, itafute kwenye setingi upande wa lugha, uchague Kiswahili, maana ikibaki Kiingereza inasoma Kiswahili kwa matamshi ya ajabu na mzee ataikataa siku hiyo hiyo. Kama tableti ni iPad basi tumia NetNewsWire, nayo ni ya bure. Msalimie sana mzee, mwambie shikamoo yake imefika.

SWALI: Fundi, simu yangu iliangukia majini feri ya Kigamboni. Namba za simu nimezirudisha, picha nimezirudisha, ila ile orodha yangu ya fidi 45 niliyoikusanya miaka minne imeenda na maji. Hakuna namna?

JIBU: Pole sana. Yangu ilienda na mtu aliyenikwapulia simu dirishani kwenye daladala, kwa hiyo najua, unaweza kukumbuka thelathini lakini zile kumi na tano ulizozipata kwa bahati, linki ndani ya linki, hizo hazirudi kichwani. Kama apu yako ilikuwa ya kufungua akaunti, kama Feedly au Inoreader, ingia tu kwa simu mpya na orodha utaikuta. Kama ilikuwa ya kukaa kwenye simu peke yake bila akaunti, hiyo imeenda kweli, labda uangalie historia ya brauza kama nayo ilikuwa imefungamanishwa na akaunti yako, utaokota baadhi.

Hata hivyo akaunti nayo si dawa ya kila kitu. Ile Google Reader niliyoitaja, tarehe 13 Machi 2013 ilitangazwa kwamba inafungwa, na tarehe 1 Julai 2013 ikafungwa, na aliyekuwa hajachukua orodha yake mapema ilibidi aanze upya. Orodha inatoka kama faili moja linaloitwa OPML, ni dogo, ni maandishi matupu, na karibu kila apu ya fidi inalikubali hata kama ulilitoa kwenye apu nyingine kabisa. Kwa hiyo ukishakusanya tena hata kumi tu, ingia kwenye menyu, tafuta palipoandikwa OPML, chagua kutoa, litaingia kwenye mafaili ya simu. Usiliache hapo. Jitumie kwenye barua pepe yako leo leo, andika tarehe kwenye kichwa cha barua, na kila ukiongeza fidi tano nyingine utume tena.